Kinywa cha Kijana, Kinywa cha Mzee

Wanangu, na nyinyi wajukuu mnaopita hapa barazani mashavu yamejaa, mimi nimekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo niliila nikiwa muuguzi kwenye kliniki za meno hapa Mombasa. Nimetazama vinywa vya watu wa kila namna. Katika miaka yote hiyo, mtu akiambiwa aonyeshe kidonda chake cha mdomoni, majibu huwa mawili tu. Kijana husema, "Shangazi, hiyo saratani si ya wazee?" Mzee naye husema, "Mwanangu, umri huu kila mahali panauma, niache nipumzike." Serikali zimebadilika, bei ya unga imepanda na kushuka na kupanda tena, watoto niliowashika mkono wakati wa kung'olewa meno ya utotoni sasa wanawaleta watoto wao, na majibu ni yale yale.

Huwa nacheka kidogo moyoni, na si kwa dharau. Nacheka kwa kuwa nawajua. Binadamu akiogopa jambo hutafuta kisingizio, na umri ni kisingizio kisicho mbali na mkono wa mtu yeyote. Simlaumu mtu kwa kuogopa. Ila nimeona mwisho wa wale waliosema hivi na wale waliosema vile, ndiyo maana nawaomba mnivumilie leo nizungumze kwa urefu.

Nianze na wazee wenzangu, maana ndio wengi. Saratani ya kinywa, kwa sehemu kubwa, ni maradhi ya waliovuka miaka hamsini. Mwaka 2022, duniani kote, watu karibu 390,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo au ya kinywa, na zaidi ya 188,000 walikufa kwayo. Karibu tisa katika kila kumi ya saratani hizi huanzia kwenye ngozi laini inayofunika ulimi, fizi, kaakaa na upande wa ndani wa mashavu. Ngozi hiyo haitulii. Chembe zake hufa na kuzaliwa upya kila siku, na tumbaku inapoigusa huharibu kidogo yale maelekezo ya ndani yanayoiambia kila chembe izaliane vipi na ikome lini. Mwili hurekebisha mengi. Machache hubaki. Mwaka unaongezwa juu ya mwaka, sigara juu ya sigara, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndiyo maana ugonjwa huu hujitokeza uzeeni, hata kama tabia yenyewe ilianza mtu alipokuwa na miaka kumi na sita.

Pombe ikiingia hapo, hesabu inaharibika kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1988 ulionyesha kwamba mtu anayevuta sana na kunywa sana yumo kwenye hatari mara 35 kuliko yule asiyevuta wala kunywa. Hizo hatari mbili hazijumlishwi, zinazidishana, kwa sababu pombe hulainisha ile ngozi na kuifungulia njia sumu ya moshi. Nimewaambia hivyo wavuvi na madereva wa malori na wauza samaki, wakanisikiliza kwa adabu, wakanishukuru, wakatoka nje wakawasha sigara. Hiyo ni kawaida ya watu. Sigara ni ngumu kuacha, na anayedhani ni rahisi hajawahi kuivuta.

Mkitaka kujua kwamba elimu peke yake haitoshi, mwangalieni Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyejulikana dunia nzima kwa kuchunguza akili za watu. Alikuwa mtu wa biri, biri juu ya biri. Mwaka 1923, akiwa na miaka 66, aliona uvimbe kwenye kaakaa na taya la juu. Madaktari waliomtazama mwanzoni walimficha, wakamwambia ni utando mweupe tu, wakidhani wanamhurumia. Baadaye mwaka huo huo ilibidi apasuliwe upasuaji mkubwa, akaondolewa sehemu ya taya la juu na kaakaa, akatengenezewa kifaa cha kuziba pengo lililobaki kati ya mdomo na pua, kifaa kilichomtesa kila alipokula na kila alipozungumza. Alipasuliwa zaidi ya mara thelathini. Aliishi miaka kumi na sita hivyo, akaendelea kuvuta biri, akafia London mwaka 1939 akiwa na miaka 83. Daktari, msomi, mjuzi wa tamaa za watu! Kama yeye alishindwa, basi mzee wangu wa mtaa wa Majengo anayeomba sigara moja tu baada ya futari si mtu wa kuchapwa viboko. Ni mtu wa kusaidiwa.

Lakini kitu ninachotaka mkishike katika habari ya Freud ni kule kufichwa. Huku kwetu kufichwa huko nimekuona sana. Majibu ya maabara yanatoka, daktari anamwita mtoto mkubwa kando, mtoto anasema, "Usimwambie mzee, atakufa kwa mshtuko." Basi mzee anapelekwa nyumbani, anapikiwa uji wa mtama, anafichwa. Anaachwa peke yake na ugonjwa wake, huku kila mtu ndani ya nyumba akinong'ona isipokuwa yeye. Wengi wa hao walikuwa wanajua siku nyingi. Nao walikuwa wananyamaza ili watoto wasiumie.

Sasa niwageukie nyinyi vijana.

Mwaka 1952 daktari mmoja aitwaye Schwartz alieleza habari za wanawake watano wa Kihindi waliokuwa wakiishi hapa hapa Kenya. Hawakuwa na donda. Walikuwa na vinywa vilivyokataa kufunguka. Ndani ya mashavu yao ngozi laini ilikuwa imekakamaa, ikawa nyeupe na ngumu mithili ya ngozi ya ngoma iliyovutwa sana, na chakula chenye pilipili kilikuwa moto mtupu kwao. Ndiyo mara ya kwanza maradhi hayo kuelezwa katika vitabu vya udaktari wa siku hizi, na miaka iliyofuata wataalamu walikuja kumkamata mwizi wake: popoo. Si tumbaku. Popoo yenyewe, inayotafunwa na jani la tambuu na chokaa na katu, ile ambayo bibi zetu tuliwakuta nayo ndani ya vijamanda vyao na tukaambiwa ni kitu cha heshima cha kumkaribishia mgeni. Ndani ya popoo mna kemikali ambazo huufanya mwili utengeneze nyuzi ngumu chini ya ngozi ya kinywa bila kukoma, na chokaa huzidisha kazi hiyo. Mwaka 2004 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon, Ufaransa, ulichapisha uamuzi kwamba popoo, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu.

Bibi zetu walitafuna tambuu moja baada ya chakula, wakizungumza, wakipumzika, na hata hivyo baadhi yao walilipia. Nyinyi mnaweka tangu asubuhi hadi usiku. Mnanunua vipakiti vilivyotiwa sukari na harufu ya waridi, vipakiti vya bei ya peremende. Mnaweka kuberi, ile tumbaku ya kipakiti, chini ya mdomo na kuendesha bodaboda, mkiambiana inaondoa usingizi. Mzee wa zamani alihitaji miaka mingi ya kutafuna kabla kinywa chake hakijaanza kukakamaa. Nimemwona kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa vizuri, vidole viwili vikiwa vimesimama kwa shida kati ya meno yake ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye kinywa kizima hufungua vidole vitatu. Jaribuni sasa hivi hapo mlipo, vidole vitatu vya mkono wenu wenyewe, vimesimamishwa. Kama haviingii, na mnatafuna popoo, msingoje maumivu, maana mashavu hayo hayarudi yalivyokuwa, na kati ya wenye hali hiyo wapo ambao baada ya miaka huota saratani.

Wahindi wameyaona haya kwa uchungu kuliko sisi. Kule India, popoo iliyosagwa pamoja na tumbaku, inayoitwa gutkha, iliingia madukani kwa vipakiti vidogo, ikasambaa mpaka kwa watoto wa shule, na wagonjwa wa saratani ya kinywa wakaanza kufika wakiwa na umri wa kuoa badala ya umri wa kucheza na wajukuu. Mwaka 2012 majimbo ya India yalianza kuipiga marufuku, Madhya Pradesh likitangulia. Wauzaji wakafanya nini? Wakatenganisha: popoo kipakiti chake, tumbaku kipakiti chake, mnunuzi achanganye mwenyewe kiganjani. Soko halishindwi na sheria kirahisi, nanyi watu wa masoko ya Marikiti na Kongowea mnalijua hilo kuliko mimi.

Msiseme haya ni mambo ya Wahindi. Huko Marekani, jimbo la Oklahoma, alikuwapo kijana aitwaye Sean Marsee, mkimbiaji wa shule, mwenye medali 28. Alikuwa akijitunza mwili wake, havuti sigara, hanywi pombe. Ila tangu alipokuwa na miaka 12 alikuwa akiweka ugoro mdomoni, na kwake huo haukuwa na neno, kwa sababu hauna moshi na hauharibu pumzi za mkimbiaji. Mama yake alikuwa muuguzi. Mwaka 1983, akiwa na miaka 18, donda lilitokea kwenye ulimi wake. Wakamkata sehemu ya ulimi. Ugonjwa ukashuka shingoni, wakampasua shingo, kisha taya. Alifariki Februari 1984 akiwa na miaka 19, na siku za mwisho, sauti ilipokuwa haipo tena, aliandika kwa penseli kuwaonya vijana wenzake waache ugoro. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, Marekani ikapitisha sheria ya kuweka maonyo kwenye vikopo vya tumbaku isiyovutwa. Kwa huyo mama, onyo lilikuja mwanawe akiwa kaburini.

Natua kidogo hapa, maana habari hiyo huniingia kila ninapoisimulia. Mama muuguzi, mtoto wa medali.

Sasa, mbali na tumbaku na popoo, lipo jambo la tatu, nalo ndilo linalowatatiza hata madaktari. Wapo vijana, na wengi wao ni wanawake chini ya miaka 45, wanaopata saratani ya ulimi na hawajawahi kugusa sigara, wala pombe, wala popoo. Ulaya na Marekani wameonekana wakiongezeka. Kwa vijana ulimi ndio unaoshambuliwa zaidi, hasa ubavuni mwake, mahali unapogusana na magego. Kwa wazee donda hutokea pia kwenye fizi, shavu, sakafu ya mdomo na kaakaa. Wachache kati ya vijana hao walizaliwa na kasoro ya damu iitwayo anemia ya Fankoni, ambayo huwaweka karibu na saratani ya kinywa tangu ujanani. Waliobaki, mtu hawezi kuwanyooshea kidole na kusema wewe ulifanya hili. Basi msiwanyooshee. Msichana akipata donda la ulimi, maneno ya mtaani yasimtangulie hospitali.

Na kuhusu virusi, kwa kuwa najua mmesikia: virusi vya HPV, aina ya 16, husababisha saratani ya koo, kwenye mafindofindo na shina la ulimi kule nyuma, si sehemu ya mbele inayoonekana kwenye kioo. Hupita kwa kujamiiana, pamoja na kwa njia ya mdomo, na nasema hivi wazi kwa kuwa nimeshakuwa bibi na sina wa kumwonea haya. Wengi wanaoambukizwa mwili wao huvifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki. Marekani na Ulaya ya kaskazini saratani hii imeongezeka sana miongo ya karibuni kwa wanaume wa makamo, walio wadogo kuliko wagonjwa wa sigara tuliowazoea, na heri yake moja ni kwamba huitikia matibabu vizuri zaidi kuliko ile ya tumbaku. Chanjo ipo. Ni ile ile wanayochomwa binti zenu shuleni kwa ajili ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Siku muuguzi anapokuja shuleni, msimfiche binti nyumbani kwa sababu ya maneno ya kibarazani.

Hata vinywa vya watoto havikusalimika. Hapa jirani, Uganda, daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto wadogo, na leo unaitwa kwa jina lake. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na mwingi wake hupona kwa dawa. Na sisi tuliofanya kazi miaka ya 1980 na 1990 tunayakumbuka madoa ya zambarau ya saratani kwenye makaakaa ya vijana waliokuwa na virusi vya UKIMWI. Nasema haya ili ile picha ya mzee mwenye meno mekundu ya tambuu iondoke vichwani mwenu. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi, na imewaponza wengi.

Imewaponza hivi. Kijana ana kidonda ubavuni mwa ulimi. Anasukutua maji ya chumvi. Vema, sisi sote tumefanya. Wiki ya pili anapaka asali. Ya tatu anakwenda duka la dawa, anapewa dawa ya fangasi. Ya tano anapewa vitamini, maana rafiki amemwambia ni upungufu wa damu. Mwezi wa pili anakwenda zahanati, na hapo anakutana na mtu wa afya ambaye naye, akitazama kitambulisho na kuona mwaka wa kuzaliwa, anawaza kila kitu isipokuwa saratani. Anaambiwa jino lenye ncha linamkwaruza, linasagwa, anarudi nyumbani na furaha. Mwezi wa nne tezi imeota shingoni. Rahisi huvunja upishi, walisema wazee, na zile dawa za shilingi hamsini hamsini zinaishia kuwa matibabu ghali kuliko yote.

Mzee naye ana njia yake. Lile donda haliumi, na kutouma kwake ndiko kunakomdanganya, kwa sababu saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haina maumivu. Meno ya bandia yakianza kumbana anasema fundi alikosea kipimo. Jino likianza kucheza anasema ni uzee. Akishindwa kumeza nyama anaomba kunde, akishindwa kunde anaomba uji, na nyumba nzima inamsifu kwamba babu siku hizi halalamiki. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Na hapa mara nyingi mfichaji si mmoja, ni familia nzima wakisaidiana bila kujua.

Siku donda likifika mikononi mwa daktari, ndipo mtakapoona kwamba umri si neno la mwisho. Kwa muda mrefu iliaminika saratani ya ulimi ya kijana ni katili kuliko ya mzee. Tafiti zilizolinganisha vijana na wazee wenye ugonjwa wa hatua moja zimeonyesha kwamba kwa jumla vijana hawafi haraka kuliko wazee, na mara nyingi huishi zaidi, kwa kuwa moyo na figo na mapafu yao bado vina nguvu, ingawa tafiti nyingine ziliona ugonjwa ukirudi zaidi kwa vijana. Kinachoamua hasa ni hatua. Donda lisilozidi sentimita mbili, ambalo halijashuka kwenye tezi za shingo, wengi wanaokuja nalo hupona kwa upasuaji peke yake. Likishafika shingoni, inakuwa upasuaji na mionzi, pengine na dawa za kemotherapia juu yake, na nafasi ya kupona inapungua sana.

Na kupona kwa kijana si sawa na kupona kwa mzee. Hili halisemwi vya kutosha. Mzee wa miaka 75 aliyetibiwa anataka ale na wajukuu, aswali, azungumze na wenzake barazani. Kijana wa miaka 30 ana miaka arobaini mbele yake ya kuishi na kinywa hicho. Mionzi hukausha mate, na mdomo usio na mate huoza meno kwa kasi. Meno yakioza, kuyang'oa kwenye taya lililopigwa mionzi ni hatari, kwa sababu mfupa ule hauponi vizuri, unaweza kufa. Ndiyo maana mtu wa meno lazima akutazame kabla ya mionzi kuanza, ang'oe yanayopaswa kung'olewa na yapate kupona kwanza. Ukisahauliwa hapo, wewe mwenyewe kumbusha. Ulimi uliokatwa unaweza kujengwa kwa ngozi na nyama ya mkono wa mtu mwenyewe, na ni kazi ya ajabu, lakini mwalimu anayetamka upya herufi moja moja mbele ya darasa, au mama anayemwimbia mtoto kwa ulimi mpya, anahitaji miezi ya mazoezi na watu wenye subira pembeni yake. Chakula hubadilika ladha. Ugali bila mchuzi mwingi hauendi. Na kinywa kilichougua mara moja lazima kitazamwe miaka mingi, kwa kuwa saratani nyingine inaweza kuota papo hapo au jirani yake.

Kwa mzee tatizo ni jingine. Ana sukari, ana presha, moyo umechoka. Kuna watu husikia umri wake wakaamua palepale kwamba hawezi kupasuliwa. Hilo ni kosa. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo mzuri anaweza kuhimili upasuaji ambao mtu wa miaka 60 mwenye maradhi mengi hawezi, na daktari mzuri hupima mwili, hahesabu miaka tu. Wapo pia wazee ambao wakielezwa kila kitu kwa upole huchagua kutopasuliwa, wakataka dawa za maumivu na kuwa nyumbani na watu wao. Huo nao ni uamuzi wa mtu mzima. Ila aufanye yeye, akijua. Haki hiyo Freud alinyimwa mwanzoni, na babu zenu wananyimwa kila wiki.

Basi nifanyieni jambo moja. Asubuhi, mkishapiga mswaki, simameni penye mwanga na kioo. Vueni meno ya bandia kama yapo. Toeni ulimi, uvuteni kwa kitambaa upande huu mtazame ubavu wake mpaka nyuma, kisha upande ule. Uinueni mtazame chini yake. Fungueni shavu kwa kidole. Pitisheni vidole shingoni, kushoto na kulia. Mnatafuta donda, uvimbe, doa jeupe lisilofutika, na zaidi doa jekundu, kwa kuwa jekundu ndilo la kuogopwa kuliko jeupe. Mnatafuta jino linalocheza bila sababu, ganzi ya mdomo, maumivu ya sikio la upande mmoja ambalo ukilitazama halina kitu. Chochote kati ya hivyo kikikaa zaidi ya wiki mbili, basi ni kwa daktari wa meno, na mumwambie kwa kinywa chenu: nataka kukatwa kinyama kipelekwe maabara. Hilo ndilo jibu. Mengine yote ni kukisia. Kukatwa huko hakuenezi saratani, na uvumi huo nimeusikia mpaka nimechoka kuujibu, lakini nitaujibu tena.

Wale mnaotafuna na kuvuta, sitawaambia mwache kesho. Anzeni popote. Hatari ya saratani ya kinywa na koo kwa mvutaji aliyeacha hushuka mpaka nusu ndani ya miaka mitano hadi kumi, na kuacha kuna faida kwa mwenye miaka 30 na kwa mwenye miaka 65. Hata aliyekwisha kugunduliwa, akiacha kabla ya mionzi, mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mwilini mwake.

Na siku utakapompeleka babu kliniki kwa ajili ya meno yake yanayombana, mwanangu, usikae kwenye benchi ukichezea simu. Ingia naye ndani. Asikie majibu yake yeye mwenyewe, wewe ukiwa umemshika mkono. Akishashuka kwenye kiti, panda wewe, toa kuberi mdomoni, na mwombe daktari akutazame na wewe.